Mafunzo ya wahitimu kiwandani: miezi 24 idara nne, au miezi 12 idara nane?

Nati_na_Bolti: Wakuu, mhitimu wa uhandisi mitambo ana nafasi mbili mkononi. Moja ni miezi 24: uzalishaji, matengenezo, ubora na miradi, miezi sita kila idara. Nyingine miezi 12, idara nane. Ipi inamjenga, na aulize nini kabla ya kusaini?

Zamu_ya_Usiku: Ya kwanza. Idara nane kwa mwaka ni wiki sita na ushee kila moja, na wiki mbili za mwanzo huliwa na mafunzo ya usalama na kujuana na watu. Atahama kabla hajaona mashine ikifunguliwa kwa matengenezo makubwa.

Ila miezi sita bila mradi wake nayo ni hasara. Atageuzwa mjaza fomu. Aulize: mradi upi, msimamizi nani, utapimwa kwa namba gani? Na je, ataingia zamu ya usiku? Huko ndiko opereta na fundi wa zamu huamua bila meneja.

Kufuli_Jekundu: Aanzie matengenezo kama ana uchaguzi. Siku ya kwanza adai kufuli lake mwenyewe la kufungia swichi ili mtambo usiwashwe akiwa kazini, lenye funguo moja anayoishika yeye. Kabla ya kugusa mtambo: arifu opereta, zima, kata umeme na hewa, funga kufuli na lebo, toa nguvu iliyobaki, kisha jaribu kuwasha. Wanagenzi husahau hiyo nguvu iliyobaki. Umeme umekatwa, lakini silinda ya hewa bado ina presha na inaweza kusukuma mkono.

Nati_na_Bolti: Asanteni. Mradi wa kwanza uwe wa aina gani?

Zamu_ya_Usiku: Mdogo, mashine moja. Kupunguza muda wa kubadili laini ya uzalishaji kutoka bidhaa moja kwenda nyingine unafaa sana. Apime mara tano hivi kabla ya kugusa chochote, maana bila namba za mwanzo hakuna atakayeamini matokeo. Kisha kazi zinazowezekana mashine ikiwa inazunguka, kama kuleta moldi na spana, zifanyike kabla ya kusimamisha.

Akipewa OEE, yaani kipimo cha ufanisi wa jumla wa mashine, ni upatikanaji mara kasi mara ubora: 0.90 × 0.95 × 0.98 ni takriban asilimia 84. Akiona zaidi ya 100, mara nyingi muda wa kawaida wa kutengeneza kipande kimoja umeandikwa mrefu kupita ukweli. Aanze kurekebisha hapo.