Umeme wa magari au makanika? Majina yanatakiwa Ijumaa

BintiSpana
Wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni. Nasoma ufundi wa magari. Ijumaa mwalimu anataka majina: nani anakwenda umeme, nani anabaki makanika. Mjomba ana gereji, yeye ni mtu wa injini na gia boksi, na nafasi yangu pale ipo.

Sasa nikiwa fildi kwake ikaletwa IST, asubuhi haiwaki, inagugumia tu. Betri na stata zilishabadilishwa kwingine. Mjomba alikuwa ametoka. Nikapima betri: volti 12.6. Nikashikiza waya mmoja wa mita kwenye hasi ya betri, mwingine kwenye bloku ya injini, nikamwambia mwenye gari apige stata. Mita ikasoma volti 1.8, na hapo inatakiwa iwe karibu na sifuri! Kumbe waya wa ethi, ule unaotoka hasi ya betri kwenda kwenye injini, umeota ukungu wa kijani pale unapofungwa. Nikafungua, nikapiga msasa, nikakaza. Gari ikawaka mara moja.

Kasheshe ikaja kwenye hela. "Yaani kusugua tu ndio elfu kumi na tano?" Akaniachia elfu tano. Wakati juzi yake mjomba kabadilisha klachi, ile mbovu akamkabidhi mteja ndani ya boksi la mpya, mteja akalipa hata kinyongo hana.

Mita naipenda kweli. Ila kazi isiyoonekana inalipwaje?

Fundi Volti
Binti, ulianza kazi kabla ya bei. Mimi kupima kuna hela yake, tunaelewana kabla boneti haijafunguliwa, akitengenezea kwangu au kwingine shauri yake. Halafu mwite asimame hapo asome mita mwenyewe. Ukimaliza asome tena, imeshuka hadi 0.1. Hiyo ndiyo klachi yako ya kwenye boksi.

Mzee wa Fuso
Usidanganywe na watu wa mjini. Huku kwetu ni Fuso na matrekta, wiki inakatika umeme wenyewe ni taa na alternata. Kwanza jiulize utaishi wapi. Ila nisiwe mnafiki, gia boksi ya Fuso imenimaliza mgongo, na nina miaka 41 tu. Hilo "Mzee" ni la utani.

Kipanya
Mjomba mwenyewe anasemaje?

BintiSpana
Mjomba sikuwa nimemwambia, niliogopa ataona namkimbia. Nimemwambia usiku huu baada ya kula. Kanyamaza weee, halafu akaanza kunihesabia vidole: Noah ya mwalimu, Vitz ya nesi, ile IST, zote mwezi huu kama si mimi angempelekea fundi umeme wa mtaa wa pili, na yule hafungui boneti bila kushika hela mkononi. (Fundi Volti, isije ikawa ni wewe.) Akamalizia, "Kaandike jina lako."

Mita ya chuo tunagombania watu tisa na waya wake mwekundu unacheza. Mita nzuri ya kuanzia Kariakoo shilingi ngapi?