Naombeni ushauri: mimi ni shabiki wa kufa wa timu ya vijana ya hoki, sasa nataka mchezaji wao aje kuishi kwangu

Mangi wa Kitchener

Wakuu, habari za humu ndani. Uzi ni mrefu kidogo, mnivumilie.

Naishi Kitchener, Ontario, na mke wangu, binti wa miaka 15 na kijana wa 11. Mji huu una timu ya hoki ya barafu inaitwa Kitchener Rangers. Siyo wale wakubwa wa NHL, ligi ya kulipwa mnayoiona kwenye TV. Hawa ni vijana wa miaka 16 mpaka 20, wanacheza ligi inayoitwa OHL. Jamaa wa kazini alinipa tiketi Ijumaa moja, nikaenda ili tu nikwepe zamu ya vyombo, na ndiyo ikawa imetoka hiyo. Sasa nina tiketi za msimu, jezi tatu, na kuna kundi la mashabiki mtandaoni ambako naandika uchambuzi baada ya kila mechi. Kiti changu kiko juu nyuma ya goli, na mama mmoja wa Kizungu wa mbele yangu ameshajifunza kusema "twende kazi" kwa lafudhi ya Machame.

Asiyeujua mchezo huu atashangaa mtu mzima anahangaika na nini. Ngoja niwape picha moja. Kabla ya Krismasi kuna mechi ambayo watu wote wanakuja na midoli ya dubu iliyofungwa kwenye mfuko wa nailoni. Timu ya nyumbani ikifunga goli la kwanza tu, uwanja mzima unarusha. Barafu inafunikwa, huoni tena mistari, mechi inasimama, na wachezaji wenyewe wanasaidia kuzoa, wengine wamebeba madubu kwapani kama mama ntilie na vifurushi. Yote yanakwenda kwa watoto wenye shida. Mimi hapo huwa nalia, siwafichi.

Sasa suala lenyewe. Wachezaji wengi hawatoki hapa. Wanachaguliwa wakiwa na miaka 15 au 16 kutoka miji ya mbali, wengine Marekani, wengine Ulaya. Hawakai bweni, wanapelekwa kwa familia za mji huu. Unampa chumba chake, unamlisha, unamlea msimu mzima, timu inakupa posho kidogo ya kila mwezi. Shemeji yangu aliyekuwa anakaa chumba cha chini amehamia Calgary, chumba kiko wazi. Nikamwambia mke wangu tuombe. Akaniangalia akasema, "Wewe unataka mtoto, au unataka jezi ikae mezani kwetu?"

Nimekosa jibu hadi leo. Aliyewahi kufanya hii kitu aniambie: ushabiki na ulezi vinakaa nyumba moja? Na binti yangu je? Na chakula, maana sisi ni watu wa ndizi na ugali.

Kinyozi_Mabibo

Mkuu, kwanza nipe darasa. Watoto wa miaka 17 wanajaza uwanja? Huku kwetu mechi ya U20 watazamaji ni muuza karanga na mbuzi wawili.

Mangi wa Kitchener

Kinyozi, uwanja wetu unaingiza watu zaidi ya 7,000, ulifunguliwa 1951, na timu ipo hapa tangu 1963. Halafu sikiliza hii utaipenda: haina tajiri. Wenye tiketi za msimu ndio wanachama, wanapiga kura kuchagua bodi. Kama Yanga ya wanachama, ila bila kugombana kila mkutano mkuu.

Ligi ina timu 20, kila moja inacheza mechi 68 kabla ya mtoano, na mtoano wenyewe kila raundi mnacheza hadi mmoja ashinde mara nne. Bingwa wetu anakwenda kukutana na mabingwa wa ligi nyingine mbili za vijana kugombea Memorial Cup, kombe lililoanza 1919 kuwakumbuka wanajeshi waliokufa vitani. Sisi tulibeba 1982 na 2003. Mwaka 2008 tuliliandaa hapa hapa nyumbani, tukafungwa fainali na Spokane, timu ya Marekani, na wakati wanapokezana kombe kushangilia likakatika vipande viwili mikononi mwao. Lilikuwa la mfano tu, la asili linatunzwa. Lakini mashabiki wa huku ukiwagusia 2008 wanaanza na hilo kombe kabla ya matokeo.

Kinyozi_Mabibo

Hahaha, hiyo ni Mungu anajibu papo hapo. Endelea, nimekaa mkao wa kula.

Mama Zainabu

Kaka Mangi, nimewahi kulea hawa watoto kwa miaka, niko Saskatchewan, mji mdogo, timu ya ligi ya magharibi. Nakujibu kama mama, siyo kama shabiki. Mchezo wenyewe nimeanza kuuelewa juzi juzi.

Kwanza chakula, kwa sababu ndicho kitakachokutoa jasho. Kijana anayecheza hoki anakula kama watu watatu waliotoka shamba. Siku ya mechi anataka tambi na kuku mchana, halafu analala kidogo, kama saa moja au masaa mawili, na nyumba nzima mnanyata. Akirudi usiku saa nne anakula tena. Posho ya timu haitoshi, usidanganyike. Mimi chapati zangu zilipendwa mpaka nikawa napika mara mbili kwa wiki, na wenzake wakaanza kuja "kumsalimia" siku za chapati. Pilau nayo hakuna aliyekataa. Ugali, mmoja aliuangalia akauliza kama umeiva, na mwingine alikuwa anaula na maziwa baridi asubuhi. Ndizi zako jaribu, za nyama lakini, siyo mtori siku ya kwanza.

Pili, watakukagua. Polisi wanaangalia rekodi za watu wazima wote wa nyumba, mtu wa timu anakuja kuona chumba. Kila timu ina mtu anayesimamia familia hizi, huyo ndiye wa kumwuliza kuhusu binti yako, na umwulize mapema kabisa, kabla hujasaini. Wengine wanakwepa kumweka kijana kwenye nyumba yenye msichana wa rika lake. Akikwambia bora msubiri miaka miwili, msubiri, usibishane. Na binti mwenyewe mwulizeni. Ni nyumba yake pia, yeye ndiye atakayegongana na mgeni mlangoni mwa bafu.

Tatu, hili sikuambiwa na mtu. Basi. Timu za huku zinasafiri usiku kucha kwenye theluji. Mwaka 1986 basi la Swift Current Broncos lilipata ajali, wachezaji wanne wakafa. Mwaka 2018 basi la Humboldt Broncos, ligi nyingine lakini mkoa huu huu, watu 16 walikufa. Hapa kwetu kila mtu anamjua mtu aliyemjua mmoja wao. Tangu nianze kulea, wakisafiri silali. Saa tisa, saa kumi usiku nasikia mlango wa nyuma, nasikia begi linawekwa chini, friji linafunguliwa. Ndipo nafumba macho. Wewe sasa hivi timu ikienda mbali, kama Sault Ste. Marie, unaangalia matokeo kwenye simu unalala. Hiyo raha utaipoteza.

Mangi wa Kitchener

Mama, shikamoo. Umenikalisha kitako.

Mutoto wa Bukavu

Jambo wandugu. Miye niko Edmonton. Ndugu Mangi, mimi nitasema ile wengine wanaogopa kusema. Hiyo ligi unaipenda inauza watoto. Januari, dirisha likikaribia kufunga, kijana wa miaka 17 anaitwa ofisini, anaambiwa wewe kesho uko timu ya mji mwingine, mwendo wa masaa matano kwa gari. Anabadilisha shule katikati ya mwaka. Mara nyingi timu inapata badala yake haki za kuchagua watoto wengine, ambao leo pengine wana miaka 13. Na ninyi mashabiki munapiga makofi, munasema "tumefanya biashara nzuri."

Sasa huyo kijana atakuwa anakula kwako. Siku hiyo utakuwa upande gani?

Mangi wa Kitchener

Kaka, hilo siwezi kulikwepa, na mimi mwenyewe nimeshaandika sana kule kwenye kundi kwamba fulani auzwe. Lakini nikutetee kidogo huo mfumo. Wazazi wao wanajua, vijana wenyewe wanajua, na kuna timu inayojenga na timu inayotafuta kombe mwaka huu, mchezaji mwenye miaka 19 anaweza kuomba mwenyewe apelekwe kwenye timu ya kombe. Tena wapo waliotoka hapa wakafika mbali. Gabriel Landeskog alikuja kutoka Sweden akiwa kijana, akawa nahodha wetu, 2011 Colorado ya NHL wakamchagua wa pili kwenye drafti, ule mgao wa vijana wapya, na 2022 akanyanyua Stanley Cup, kombe la NHL, akiwa nahodha wao. Kuna familia hapa mjini ilimlisha huyo.

Mutoto wa Bukavu

Kwa Landeskog mmoja kuna mia ambao wanarudi kwao na miaka 20 na goti bovu. Familia zilizowalisha hao hauzitaji.

Mama Zainabu

Wote mna haki. Wangu mmoja aliuzwa. Simu ilikuja akiwa shuleni, mimi nikamfulia nguo zake zote maana sikujua la kufanya, zikawa bado mbichi tukazikunja hivyo hivyo kwenye mifuko. Alikuwa ananiambia "it's okay" huku anahesabu soksi. Hadi leo ananipigia siku ya Idi, na mara zote anachelewa kwa siku moja.

Sasa Kaka Mangi, turudi kwenye hilo kundi la mashabiki. Hapo ndipo pana kazi. Ukiwa na mtoto wao ndani, utajua mambo: nani ameumia bega na timu inaficha, nani hapatani na kocha, nani anataka kuondoka. Na watakuandama. Kanisani, kazini, foleni ya kahawa: "Vipi, Jumamosi anacheza?" Jibu lako ni moja tu, sijui. Ukishindwa kusema sijui, usichukue mtoto.

Na uchambuzi wako unasomwa. Wanasoma wote, usidhani hawasomi. Wanasoma usiku chumbani wakiwa peke yao.

Nairobi Slapshot

Sema wasee. Mimi nacheza hoki hapa Nairobi, ile barafu ya Panari, Mombasa Road. Ndogo sana kuliko uwanja wa kawaida, lakini ndiyo tuko nayo. Timu yetu ya Ice Lions ilipelekwa Canada 2018 ikacheza pamoja na Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, nyota wa NHL, na 2024 Kenya ikakubaliwa kuwa mwanachama wa shirikisho la dunia. Kwa hivyo si mchezo wa wazungu pekee.

Mangi, neno langu kama mchezaji: ukimchukua huyo kijana, usimfundishe hoki. Akitoka kupoteza mechi, ile safari ya gari ya kurudi nyumbani usiseme kitu. Kocha ameshamwambia, baba yake ameshapiga simu, wakala ameshatuma meseji. Mtu wa nne hahitajiki. Muulize kama amekula.

Shemeji wa Guelph

Naongeza la kiufundi. Kuanzia Agosti 2025 vyuo vya Marekani vinawaruhusu waliocheza ligi hizi, zamani ukicheza OHL mlango wa chuo ulikuwa umefungwa. Gavin McKenna, nyota wa Medicine Hat ya ligi ya magharibi, aliondoka 2025 kwenda chuo cha Penn State. Kwa hiyo hata asipouzwa, kijana wako anaweza kuamka akaenda chuo mapema kuliko ulivyopanga. Zamani shabiki alijua nyota atakaa miaka mitatu, minne. Siku hizi jezi yenye jina mgongoni ni hasara, nunua isiyo na jina.

Na Mangi, mimi ni shabiki wa Storm, timu ya Guelph, wenzio wa jirani. Ukiwa na mchezaji wa Rangers ndani sitakuja kula ndizi.

Mangi wa Kitchener

Guelph tulieni, bora ndizi zibaki.

Wakuu, nimeonyesha uzi huu kwa mke wangu tangu juu mpaka chini. Amejiunga, anataka kuandika mwenyewe.

Mama Ndesi

Habari zenu. Mimi ndiye mke. Mama Zainabu, nakushukuru sana, Mungu akulipe. Mume wangu ni mtu mwema ila Ijumaa usiku siyo mtu, ni mnyama mwingine.

Nimekubali tupige simu kwa huyo mtu wa timu anayesimamia familia, tumwulize kuhusu binti kwanza. Akisema hapana, yameisha, tutasubiri Ndesi aende chuo. Akisema ndiyo, nina masharti. Anatoka kwenye lile kundi siku hiyo hiyo, siyo kunyamaza, kutoka. Akitaka kuchambua anichambulie mimi jikoni akiwa anamenya vitunguu. Tukiwa uwanjani kiti kibaki kile kile cha juu, tusisogee mbele kujionyesha. Na kijana akiuzwa, jezi yake haining'inizwi sebuleni, anapewa aondoke nayo.

Amekubali yote. Kuhusu kundi alikubali baada ya kwenda kuwasha gari na kurudi.

Dada, swali la mwisho. Kitanda kilichopo chini ni cha futi sita, kinatosha?

Mama Zainabu

Hakitoshi, mama. Hawa ni warefu, tafuta cha futi sita na nusu na bado wengine miguu itatokeza. Ila kabla ya kitanda nunua friji la pili.