Mada: Siku 16 Japani, na mimi sili kitu cha mnyama

Kutoka: Hamburg

Wapendwa, habari za huko mliko. Mwezi wa nne mimi na mume wangu tunakwenda Japani siku 16: Tokyo, Kyoto, halafu Osaka. Mume wangu anakula kila kitu. Mimi huu ni mwaka wa 9 sigusi nyama, samaki, mayai wala maziwa, na sitaki kuvunja kwa sababu ya safari. Ninayoyasikia yananivunja moyo. Dada mmoja wa kanisani kwetu alishinda wiki nzima kwa ndizi na wali mkavu. Inakuwaje, nchi yenye tofu, ile ya maharage ya soya, kila kona? Mlioko huko nisaidieni, na nataka chakula chao wenyewe. Sitaki kuruka mbali kote huko nikaishie kula chipsi.

Jibu kutoka: Osaka

Dada, karibu sana Japani. Utakula vizuri, ila kuna kitu kimoja lazima ukijue kabla hujapanda ndege, nacho ni dashi.

Dashi ni supu nyepesi ambayo karibu kila mpishi hapa anaanzia nayo. Ya kawaida inatoka kwa katsuobushi: samaki aitwaye katsuo, wa jamaa ya jodari, anachemshwa, anakaushwa kwa moshi mpaka anakuwa mgumu kama gogo, kisha anakwanguliwa vipande vyembamba kama maranda ya seremala. Supu hiyo imo ndani ya supu ya miso, mchuzi wa tambi za udon na soba, mboga za kuchemsha, hata vile vifuko vitamu vya tofu ya kukaanga vinavyojazwa wali. Kwa macho huioni.

Mama yangu ni Msabato, miaka mingi hali nyama wala samaki. Aliponitembelea nilimpeleka kula udon, nikamwambia mpishi "niku nashi", yaani bila nyama. Likaja bakuli zuri, tambi nyeupe na majani ya vitunguu juu. Mama akainama, akanusa, akalisogeza pembeni. "Mwanangu, humu mna dagaa." Kweli. Udon ya upande huu mara nyingi hutiwa niboshi, na niboshi ni dagaa wakavu hasa. Mpishi hakutudanganya; nilimuuliza habari za nyama, akanijibu habari za nyama. Iliniuma, maana Kijapani nilikuwa nakijua na swali lenyewe sikuliuliza.

Kwa hiyo usitegemee neno moja la kujieleza wewe ni mlaji wa namna gani. Taja kitu kimoja kimoja. Andika hii kwenye kadi, uionyeshe kabla ya kuketi:

肉、魚、卵、乳製品は食べられません。かつおや煮干しのだしも食べられません。

Maana yake: siwezi kula nyama, samaki, mayai na vitu vya maziwa, dashi ya katsuo au ya niboshi pia siwezi. Wakikuambia hapana, hatuna, shukuru uondoke. Mpishi wa hapa akishaweka supu yake asubuhi hana namna ya kuitoa.

Dukani, jifunze alama hizi: 卵 yai, 乳 maziwa, 肉 nyama, 魚 samaki, かつお katsuo. Sheria inalazimisha mayai na maziwa yatajwe wazi kwa ajili ya watu wenye mzio. Katsuo hayumo kwenye orodha hiyo ya lazima, kwa hiyo usiishie kwenye kisanduku cha mzio, soma viungo vyote. Onigiri, yaani tonge la wali, ya umeboshi, ile plamu ya chumvi yenye uchachu unaokaribia ukwaju, mara nyingi inafaa. Hata hiyo isome.

Sasa kama una usiku mmoja wa ziada, nenda Koyasan. Nakusihi. Ni mlima wa mahekalu ya Kibudha, mtawa Kukai alipewa mwaka 816, na mahekalu mengi yanapokea wageni walale. Chakula chao kinaitwa shojin ryori: hakuna nyama, hakuna samaki, hata kitunguu saumu hakimo. Dashi yao wanaitoa kwenye kombu, ambao ni mwani mpana mnene, si ule wa Paje kule Zanzibar, pamoja na uyoga mkavu. Mama aliletewa vijisahani kwenye meza fupi nyekundu. Kimoja kilikuwa na goma-dofu, ufuta uliosagwa ukapikwa na wanga mpaka ukashikana, laini, unatetemeka ukigusa sahani. Kingine koya-dofu: tofu iliyogandishwa kisha ikakaushwa, ina vitundu kama sifongo, ukiuma supu yote inakumiminikia mdomoni. Mama alimaliza kila kitu. Asubuhi watawa walipofanya ibada yao alikaa nyuma kimya, mikono mapajani, mpaka wakamaliza.

Kutoka Namba hapa Osaka unapanda treni ya Nankai mpaka Gokurakubashi, kisha kiberenge cha kamba kinachopanda mlima. Ufike mapema, chakula cha jioni kinaliwa saa kumi na mbili au kabla.

Kyoto tafuta yudofu, hasa maeneo ya Nanzenji: tofu kwenye maji ya moto yenye kombu. Sosi ya kuchovyea ndiyo yenye samaki, omba soya tupu. Tokyo, ndani ya stesheni kuu, kuna T's TanTan, rameni yao, yaani tambi za supu, yote ni ya mimea. Tempura, yaani vitu vya kukaanga ndani ya unga, ihoji, unga wake mara nyingi una yai.

Jibu kutoka: Nagoya

Salaam aleikum. Naongeza moja kwa Waislamu wenzangu wanaosoma: msidhani kisicho na mnyama ni halali moja kwa moja. Mirin na sake ni pombe, na zinatiwa kwenye mboga za kuchemsha na michuzi mingi. Mimi huwa nauliza vyote viwili, dashi na mirin. Na ukichoka kuuliza, Shin-Okubo kule Tokyo kuna maduka ya dengu na viungo. Kama mnapofikia pana jiko, mambo yameisha.

Jibu kutoka: Hamburg

Asanteni sana jamani. Kadi nimeshachapa nakala nne, moja anabeba mume wangu. Koyasan tumelipia usiku mmoja. Je, hekaluni nako niwaambie, au wenyewe wanajua?

Jibu kutoka: Osaka

Waambie, dada, tena kabla hamjafika, kwa kuandika. Nyama na samaki hawana, lakini tempura na vitafunwa vya chai uliza yai na maziwa. Na mbebe masweta. Kule juu ni karibu mita 800, mwezi wa nne usiku bado kuna baridi kali.