Kanda za video za baba mchoraji: nizipeleke makavazi ya hapa Mombasa au zibaki nyumbani?

BintiKibokoni

Hamjambo wadau. Baba yangu ni mchoraji. Watu wa rika lake hapa Mji wa Kale wanamjua kwa mabango ya maduka na kwa maandishi aliyokuwa akiyatia nyuma ya matatu, lakini kati ya 1987 na 1996 alikuwa na shughuli nyingine ambayo sisi watoto tuliiona ni kichaa chake cha Jumapili. Alikuwa akiazima kamera kwa rafiki yake mwenye studio ya kupiga harusi, anaitega mahali, anaiacha ijirekodie. Kanda moja ni saa nzima ya ukuta wa Bandari ya Kale maji yakijaa. Hapiti mtu, anapita paka tu. Nyingine ni mkono wa fundi akichonga mlango. Baba aliicheza kanda ile kwenye TV, akaipiga skrini kwa kamera, akacheza hiyo aliyoipiga, akaipiga tena, na tena, mpaka mwisho mkono umebaki kivuli ndani ya chenga, zile nukta zinazorukaruka kwenye TV isiyoshika picha. Halafu kuna jozi imeandikwa KUSHOTO na KULIA. Anasema zinachezwa pamoja, TV mbili zikitazamana, mtazamaji anakaa kwenye mkeka katikati na hawezi kuziona zote kwa wakati mmoja. Aliionyesha mara moja tu, chumba cha mbele cha nyumba ya bibi. Watu walikuja, wakanywa kahawa, wakaondoka wakicheka.

Jumla ni VHS 31, Video8 9, na rili tatu za filamu ya milimita 16 za tangu alipokuwa akisoma Nairobi. Zimekaa kabatini orofa ya juu, na joto la Mombasa mnalijua. Rili moja ukifungua kopo lake unapigwa na harufu ya siki.

Kuna studio mjini iko tayari kuniwekea zote kwenye flashi. Kijana wa pale ameniahidi ataondoa chenga na kukata sehemu ambazo hakuna kitu. Nilipomwambia baba alicheka mpaka akakohoa: "Akikata sehemu ambazo hakuna kitu, atabaki na paka."

Jambo zito zaidi ni hili. Kanda nyingi hazikuwa mpya, zilikuwa za studio ile na zimerekodiwa juu ya harusi. Kazi ya baba ikiisha tu inatokea dakika tano, pengine kumi, za kupamba: wanawake peke yao, vichwa wazi, wanacheza. Wengine nawajua. Wengine ni mabibi sasa, wengine wametangulia mbele ya haki.

Baba anataka kazi zake zikae mji huu huu, zisiende Nairobi wala Ulaya, na mtu yeyote wa Mombasa aweze kwenda kuziona bila kulipa. Ana akili timamu lakini nguvu zinapungua, na asubuhi ndiyo anaongea vizuri. Je, makavazi ya serikali hapa Mombasa yanaweza kubeba kitu kama hiki? Au nitakuwa nazipeleka zikafe mbali na macho yangu?

KijanaWaBuru

Pole dada, lakini karne hii bado tunapeleka vitu makavazi? Vikiingia huko havitoki. Pandisha YouTube, zile za akina mama zifunge wasione watu, kazi kwisha. Ni bure, na Google hawafungi ofisi saa kumi na moja.

JaladaKuukuu

Nimestaafu kutoka kazi ya nyaraka za serikali, kwa hiyo nitasema ninachokijua.

Makavazi ya Kitaifa si lile jengo la Moi Avenue peke yake, lile lililokuwa benki ambako mkusanyo wa Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais, unaonyeshwa. Kuna vituo vya mikoani: Mombasa, Nakuru, Kisumu, Kakamega, Nyeri. Lakini vilianzishwa kwa ajili ya majalada: barua za mkuu wa wilaya, kumbukumbu za mahakama, ripoti za kilimo. Karatasi huvumilia rafu na feni. Kanda haivumilii. Usiende kuuliza kama wanapokea, maana utajibiwa ndiyo na mtu mwenye nia njema kabisa. Uliza chumba kina joto gani na unyevu gani, na umeme ukikatika usiku nini hutokea. Uliza kama kuna deki inayofanya kazi na jina la anayejua kuitumia. Ukiona wanatazamana, umeshajibiwa.

Hata hivyo wazo la mzee nalipenda, na lina nguvu ya kisheria kuliko watu wanavyodhani. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, iliwapa kaunti maktaba, makumbusho, sinema, na hata maonyesho ya video na ukodishaji wake. Kwa hiyo ofisi ya utamaduni ya kaunti haiwezi kukwambia kuwa hayo hayawahusu. Na hapo hapo Mombasa wapo RISSEA, taasisi ya utafiti wa Kiswahili iliyo chini ya Makumbusho ya Kitaifa. Ningeanza kwa kuwaweka hao wote meza moja.

Jambo la mwisho: kukabidhi kaseti si kukabidhi haki. Hakimiliki ni ya mzee, na kwa Sheria ya Hakimiliki ya 2001 kazi za picha na sauti hulindwa miaka 50 tangu mwisho wa mwaka zilipotengenezwa au zilipotolewa kwa umma, kwa kufuata tarehe ya baadaye. Andikeni hati ya makabidhiano inayosema nani anaona nini, wapi, na nini kimefungwa mpaka lini. Mzee atie saini mwenyewe, asubuhi hizo anapoongea vizuri.

FundiDeki_Tanga

Binti wa Kibokoni, mpe mzee salamu zangu. Huo mkono unaoishia kwenye chenga ningependa kuuona.

Mimi ni mtu wa Tanga. Nilianza kwa kutengeneza deki, maisha yakanipeleka kaskazini mwa Uingereza, na huko nikafanya kazi miaka mingi katika makavazi ya filamu ya eneo. Wenzetu walianza mapema kuweka filamu mikoani: Anglia Mashariki 1976, Manchester 1977, Yorkshire wakafuata. Hoja yao ni ile ile ya mzee, filamu ya watu wa mahali ikae mahali pao. Tulikuwa na gwaride, viwanda, harusi, mechi za vijiji, na wazee walikuja kutazama na kutuambia yule pale ni nani. Lakini kazi za wasanii zilitutoa jasho. Jumba la sanaa linasema hii ni filamu, wapelekeeni makavazi. Makavazi yanasema hii ni sanaa, sisi tunatunza historia ya eneo. Mikanda inabaki kwenye banda la msanii na mashine ya kukata majani.

London nako palikuwa na kituo cha filamu na video za wasanii, Lux Centre, mtaa wa Hoxton, kilichounganisha ushirika wa watengeneza filamu wa tangu 1966 na ule wa wasanii wa video wa tangu 1976. Oktoba 2001 kilifungwa ghafla, na mkusanyo ule ukakosa makao ya uhakika mpaka shirika la LUX lilipoundwa 2002 kuuchukua. Kwa hiyo mimi siamini mahali pamoja, pawe pa serikali au pa kampuni. Kijana wa Buru, YouTube wakipokea faili huibana upya. Unachokipata baadaye sicho ulichowapa. Na zile za akina mama hazipandi mtandaoni hata zikifungwa kwa kufuli saba.

Waliofanya vizuri ni watu wa chuo cha Dundee. Mwaka 2004 walianza mradi ulioitwa REWIND, wakitafuta kazi za video za wasanii za miaka ya 70 na 80. Hawakuishia kunakili mikanda, waliwakalisha wasanii na kuwahoji. Na ilibidi. Mwaka 1971 msanii David Hall alirushiwa vipande vyake na televisheni ya Scotland katikati ya vipindi bila tangazo lolote. Kimoja kinaonyesha bomba likijaza maji ndani ya skrini kana kwamba TV yako ni tangi. Mtu akikikuta leo kwenye mkanda usio na maelezo ataandika "tangazo la biashara, mwisho haupo", akirudishe rafuni.

Nimeona kwa macho yangu mkanda wa msanii uliorudi kutoka maabara ya kulipia ukiwa umesafishwa. Chenga zimepunguzwa, mvumo wa sauti umeondolewa, sekunde nyeusi za mwanzoni zimekatwa. Kazi nzuri ya fundi, na kazi ya msanii haimo tena.

Ndiyo maana nasema kabla ya deki na kabla ya makavazi, mkalishe mzee. Weka simu irekodi sauti, na wewe andika. Muulize TV za ukubwa gani, sauti iwe juu kiasi gani, mkanda ukiisha urudie au chumba kibaki kimya. KUSHOTO na KULIA zianze pamoja? TV za chogo zikikosekana kabisa, anakubali bapa? Mwache ajibu hata kwa kukasirika, hasira nayo ni jibu. Kisha mkishanakili, mtazame naye kila mkanda akuonyeshe chenga zipi ni zake na zipi ni za ukungu na uchakavu. Fundi yeyote duniani hawezi kulijua hilo. Makavazi yakipokea mikanda 31 bila maelezo hayo, yamepokea plastiki.

Sasa mikanda yenyewe. Usicheze wowote bado. Tazama kwenye kidirisha cha kaseti: ukiona unga mweupe kingoni mwa utepe huo ni ukungu, uweke kando, maana ukiingia kwenye deki unachafua vichwa na kuambukiza wenzake. Kila VHS vunja kile kidude cha plastiki mgongoni ili isirekodiwe tena juu yake. Video8 ina kitelezi chake. Zisimamishe wima kama vitabu, chumba kikavu kuliko vyote.

Harufu ya siki ni filamu ya asetati, aina ya plastiki, inayooza, na asidi yake huchochea rili za jirani. Itenge leo. Itoe kwenye kopo la bati lenye kutu, itie kwenye la plastiki lisilobana hewa. Haitarudi ilivyokuwa, lakini baridi na ukavu huichelewesha sana: kwa nyuzi 21 na unyevu wa asilimia 50 filamu mpya ya aina hiyo hukaa miaka 40 hivi kabla ya kuanza kunuka, na Mombasa yenu haijawahi kuwa hivyo hata siku ya mvua. Usiipitishe kwenye projekta, imeshajikunja na itapasuka matundu. Hiyo ndiyo ya kwanza kutafutiwa skana ya filamu.

Na usikawie. Funai wa Japani waliacha kutengeneza deki za VHS Julai 2016. UNESCO na chama cha makavazi ya sauti na picha, IASA, walishaonya kwamba baada ya 2025 kunakili mikanda kwa wingi kutakuwa kugumu mno kwa kukosa mashine, vipuri na watu wa kuzishika.

Ukinakili, nakala kuu iwe FFV1 (njia ya kubana video) ndani ya Matroska (aina ya faili, .mkv). Ni bure, haipotezi kitu, na saa moja ya VHS huchukua gigabaiti 30 hadi 40 badala ya 90 hivi za picha isiyobanwa. Picha ya PAL, mfumo wa TV wa kwetu enzi hizo, husukwa kwa mistari ya shufwa na witiri, mara 50 kwa sekunde. Studio nyingi huilainisha ionekane nzuri kwenye simu. Wakatalie. Nakala laini ya kutazama fanya baadaye, MP4 ndogo. Kila faili iwe na alama yake ya MD5 ili ujue kama imebadilika, nakala tatu, moja isikae Pwani.

Kuhusu kupamba, hapa natofautiana kidogo na walionifundisha kazi. Wao wangesema mkanda wote ni ushahidi, utunze wote, funga miaka kadhaa. Mimi nasema wale wanawake walicheza mbele ya wanawake. Faili inayokwenda makavazi iishie pale kazi ya mzee inapoishia. Kipande cha harusi kiwe faili ya pembeni, kibaki mikononi mwa wanawake wa familia hizo waamue wenyewe. Na kunakili unakili wewe, au msichana unayemwamini. Nisiwe mimi, wala yule kijana wa studio.

JaladaKuukuu

Fundi, hapo kwenye harusi umenizidi. Mimi ningefunga miaka 60 na kujiona nimetenda haki. Ila kaseti asili zibaki kwa nani?

FundiDeki_Tanga

Nyumbani kwa mzee, mpaka kituo cha Mombasa kiwe na chumba baridi. Faili ziende sasa, kaseti zifuate wakiwa tayari. Hilo nalo liandikwe kwenye hati.

BintiKibokoni

Shikamoo fundi, na ahsanteni wote. Rili ya siki nimeitenga. Nimeanza maswali na KUSHOTO na KULIA. Zianze pamoja? Akasema hata kidogo: inaanza KULIA, na KUSHOTO haianzi mpaka mtu wa kwanza ageuke kutafuta kitu kingine cha kutazama. Nani anaibonyeza? Yeye, kutoka mlangoni. Na asipokuwepo? Akanyamaza, akasema basi mwenye kahawa. TV bapa alikataa katakata, baada ya chai akakubali kwa sharti pembeni zifunikwe kanga.

Shangazi amejitolea kuketi nami kwenye zile za harusi, anasema atawatambua wote. Kinachonikwamisha ni Video8, sina cha kuzichezea. Kamera ile ya studio iliuzwa zamani.

FundiDeki_Tanga

Marahaba binti. Tafuta kamera ya Sony ya Digital8, ya PAL, za mwanzoni, kuanzia 1999. Nyingi za wakati ule hucheza pia Video8 za kawaida, za baadaye baadhi hazichezi, kwa hiyo nenda na mkanda usio na thamani uujaribu dukani kabla hujatoa pesa. Itakutolea DV, yaani video ya kidijitali, kwa waya wa FireWire, gigabaiti 13 hivi kwa saa. Hiyo usiigeuze kuwa FFV1, ihifadhi kama ilivyotoka. Kompyuta mpya hazina tundu la FireWire, ulizia laptopu kuukuu.

Na mwulize kanga ya rangi gani, au ina jina gani.