Wauza spea za baiskeli Dodoma, acheni kutuambia "cheni zote ni moja"!

Wakuu, nimevumilia vya kutosha. Leo naandika nikiwa na hasira, na wenye maduka ya spea za baiskeli mnaopita humu naomba msome mpaka mwisho.

"Cheni zote ni moja." Kauli hii nakutana nayo karibu kila duka ninaloingia hapa mjini, na ni uongo unaotumalizia hela. Kinachofanana ni umbali wa pini hadi pini tu. Huo ni nusu inchi, milimita 12.7, iwe ni Phoenix ya kubebea mkaa au baiskeli ya gia ya mtumba kutoka Japani. Ndiyo maana muuzaji akiilaza cheni juu ya meno pale kaunta inakaa vizuri, halafu anakwambia "si unaona mwenyewe?" Shida iko kwenye upana. Cheni ya baiskeli isiyo na gia ina upana wa ndani wa 1/8 ya inchi, kama milimita 3.2. Ya baiskeli ya gia 6 hadi 8 nyuma ni 3/32, kama milimita 2.4. Hata hizo za gia zenyewe haziko sawa: kwa nyuma ukiwa na gia 6, 7 au 8, upana wa nje ni kama milimita 7, gia 9 ni kama 6.6, gia 10 ni kama 6, na gia 11 ni kama 5.5. Kuanzia gia 8 kwenda juu, kila gia inapoongezeka nyuma, meno yanasogeleana na cheni inabidi iwe nyembamba zaidi. Hiyo siyo siri ya kiwandani, mara nyingi imeandikwa kwenye boksi la cheni.

Mimi nina friwili (yale meno ya nyuma) ya gia 7. Nilikwenda dukani na cheni ya zamani mkononi, nikaeleza ni ya baiskeli ya gia na ni gia ngapi. Kijana wa kaunta akaiangalia kwa jicho tu, hakushika hata rula, akanipa cheni nene ile yenye kibanio cha kuunganishia. Nikamuuliza kwa upole kabisa kama kweli hiyo ni ya gia. "Kaka, cheni ni cheni, kafunge." Ikafungwa palepale na fundi wa barazani kwao. Ikawa inasugua meno ya jirani kila nikibadilisha, na siku ya pili ikakwama kwenye ule mkono wa nyuma unaohamisha cheni, ukavutwa mzima ukaingia kwenye spoku. Mkono umepinda, spoku zimekatika, rimu inayumba. Niliporudi nikaonyeshwa maandishi ya chini ya risiti: mali ikishauzwa hairudishwi.

Nani aliwaambia mstari huo unafuta sheria? Nchi hii ina Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214. Mteja akikueleza kitu anakitaka kwa kazi gani, akategemea ujuzi wako wewe unayekiuza kila siku, kitu hicho kinapaswa kufaa kwa kazi hiyo. Nilieleza. Nilikuja na sampuli. Mlitaka nifanye nini tena?

Sasa sikilizeni kinachoniuma kuliko hela. Nina gari pia, Toyota IST, na ninaliendesha mara chache sana: kwenda Kongwa kwa wazazi, msiba, mgonjwa usiku. Muda mwingi limepaki. Lakini nikienda duka la spea za magari kutafuta kitu kidogo tu, naulizwa maswali kama niko mahakamani. Injini ni 1NZ au 2NZ? Mwaka gani? Una namba ya chesisi? Picha ya kadi unayo? Wanapiga simu stoo, wanalinganisha na ya zamani, ndipo wanatoa. Gari linalolala wiki nzima linaheshimiwa hivyo. Baiskeli ninayoipanda kila siku ya kazi kutoka Nkuhungu, ambayo cheni yake ikiruka katikati ya barabara wakati lori liko nyuma yangu naanguka mbele ya tairi, hiyo inaambulia "kafunge". Na si mimi tu. Mji huu una wauza maji wenye madumu, wauza maziwa, wabeba mkaa, wanafunzi. Kwa wengi wao baiskeli ndiyo mtaji wenyewe. Mnatuona hatustahili swali hata moja kwa sababu tumekuja na magurudumu mawili yasiyo na injini?

Friwili nayo ni hivyohivyo. Kuna friwili, inayojisokota yote kwenye habu (kitovu cha gurudumu), na kuna kaseti, inayoteleza kwenye mifereji ya habu halafu inabanwa na nati ya pete. Haziingiliani kabisa. Jirani yangu ana habu ya kaseti, akauziwa friwili, na fundi akajaribu kuilazimisha kwa nyundo. Kwa nyundo!

Mafundi, na ninyi nawaambia. Friwili hujikaza yenyewe kila mtu anapokanyaga pedeli, kwa hiyo haifunguki kwa tindo na nyundo bila kuumiza kitu. Ina kifunguzi chake, kipande kidogo cha chuma chenye meno kinachoingia katikati, unakibana na spana unazungusha. Kinunueni. Pedeli ya kushoto inafunguka kwa kuzungusha upande ambao kwa bolti nyingine ni kukaza. Nimeshuhudia krenki ya aluminiamu, ule mkono unaoshika pedeli, ikiharibiwa nyuzi zake zote kwa sababu fundi hakujua hilo, au alijua akawa na haraka, halafu mwenye baiskeli akaambiwa "krenki ilikuwa imechoka".

Na acheni kutupaka oili chafu ya gereji kwenye cheni. Hapa Dodoma mvua zikikatika mwezi wa nne au wa tano, ni vumbi na upepo mpaka karibu Desemba. Oili chafu ni nzito, ina unga wa chuma kutoka kwenye injini, inanasa mchanga, na cheni inageuka msasa unaokula meno ya friwili na ya mbele kwa pamoja. Oili nyepesi safi, tone moja kwa kila rola, halafu unafuta kwa kitambaa hadi nje pawe pakavu. Basi.

Halafu ule mchezo wa "badilisha seti nzima". Mtu anakuja na cheni iliyovutika kidogo, anaambiwa cheni, friwili na krenki vyote vimekufa. Hakuna kipimo kilichofanyika. Kipimo chenyewe ni rula ya inchi: cheni ikiwa imevutwa ikanyooka, pima kutoka katikati ya pini moja, hesabu vipande 24, kila kimoja ni kutoka pini hadi pini. Mpya ni inchi 12 kamili. Ikifika 12 na 1/16, badilisha cheni peke yake na meno yatapona. Ikifika 12 na 1/8, hapo meno mara nyingi yameshaliwa, na ukifunga cheni mpya itaruka ukikanyaga kwa nguvu. Pimeni mbele ya mteja kila mara, ni kazi ya dakika moja.

Ninachodai ni kidogo. Mteja akiomba cheni, muulizeni ina gia ngapi nyuma. Acheni kutoa cheni kwenye boksi lake na kuzirundika kwenye ndoo moja bila namba. Mkikosea ninyi, badilisheni bila kelele.

NYONGEZA: Kwa wanaoniambia "una gari, unahangaika nini na baiskeli", siwezi kuchoma petroli kila siku kwa safari fupi za mjini, na hizo safari fupi zenyewe haziifai injini: haipati moto wa kutosha, unyevu unabaki kwenye oili, na betri inatoa kwenye stata kuliko inachorudishiwa. Hili mnaloliita suluhisho mimi silitaki. Nataka cheni ya saizi yangu.

Kwa aliyeuliza gari linalopaki sana afanyeje: liendeshe nusu saa au zaidi kila wiki, siyo kuliunguruma tu pale nyumbani, na pima upepo wa tairi kabla ya safari ndefu. Likikaa zaidi ya hapo, chomoa waya wa hasi wa betri.

Mdau wa Dodoma anayejua duka lenye cheni ya gia 7 au 8 ikiwa kwenye boksi lake lenye namba, na fundi mwenye kifunguzi cha friwili, aandike mtaa hapa chini. Bado natembea kwa miguu.