Naomba ushauri: pikapu ya kabureta inapiga bomu nikikanyaga mafuta

Wakuu, nina pikapu ya zamani ya petroli, silinda nne, inanibebea madumu ya asali kutoka Sikonge kuja Tabora mjini. Kwenye silensa (injini ikinguruma bila kukanyaga mafuta) inatulia, ila nikikanyaga mafuta ghafla inapiga bomu kupitia kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa), siyo ekzosi, kisha inakosa nguvu. Injini ikipata moto, tatizo linapungua.

Plagi mpya, mpangilio wa waya za plagi, yaani zamu ya silinda kuwaka, ni 1-3-4-2 kama kawaida yake. Fundi mmoja anasema taimingi (wakati wa plagi kutoa cheche) imechelewa. Mwingine anataka kufungua silinda hedi, na bei ameshaitaja! Mimi nashuku petroli haitoshi kwenye mchanganyiko: jeti (kitundu cha petroli ndani ya kabureta) imeziba, au gasketi ya manifodi, bomba la kuingiza mchanganyiko kwenye injini, inavuta hewa. Platini (swichi ndogo inayokata umeme ili plagi itoe cheche) sijazigusa.

Mngeanza wapi? Na taimingi nitaipimaje bila taa yake ya kupimia?