Rotari au DA kwa anayejifunza kupiga polishi? Gari ni jeusi

Tairi_Nne: Wakuu, nanunua mashine ya polishi wiki hii. Kuna rotari na kuna DA (dual action), bei zimepishana kidogo tu. Gari ni jeusi, likikaa juani mikwaruzo inaonekana kama utando wa buibui. Sijawahi kushika mashine hizi. Nichukue ipi?

FundiKliya: Mkuu, bado hujatupa cha kushika. Gari gani? Rangi ya kiwandani au lilishapigwa tena? Ni gari lako tu au unafungua kazi? Rotari inazungusha pedi kwenye mhimili mmoja, nguvu yote inaishia kwenye rangi. Inakata haraka na joto linapanda haraka. DA inazunguka huku inayumba, ukiikandamiza kupita kiasi pedi inaacha kuzunguka, inabaki kutetemeka. Kwa anayeanza, DA.

Sufu_na_Sponji: Napinga. Magari yetu yana mikwaruzo ya kina, kwa DA ndogo utashinda kwenye boneti moja. Chukua rotari inayoshuka hadi mizunguko 600 kwa dakika, kama Makita 9237C, kisha nenda Gerezani, Dar, ukatafute boneti ya skrapa ujifunzie.

Osha, pitisha udongo wa kusafishia rangi, bandika tepu ya karatasi kwenye kingo zote, raba na nembo. Fanya eneo la sentimita 40 kwa 40, usizidishe. Kampaundi (dawa ya kukatia mikwaruzo) matone manne au matano kwenye pedi ya sponji. Laza pedi juu ya rangi KABLA ya kuwasha, la sivyo kampaundi itaruka mpaka kwenye vioo. Sambaza kwa 600, panda hadi 1,200 au 1,500, kila mstari ukanyage nusu ya uliotangulia. Mashine isisimame hata sekunde moja. Malizia kwa 1,000 bila kukandamiza. Waya upitishe begani, usiburuzike kwenye rangi. Kila baada ya pasi mbili gusa bati kwa kiganja: vuguvugu ni sawa, ukishindwa kukiacha hapo umepitiliza.

Tairi_Nne: Ni Harrier, rangi namba 202. La kwangu tu, siyo biashara.

FundiKliya: Hiyo ndiyo ilitakiwa iwe sentensi ya kwanza. 202 kwenye Toyota nyingi ni rangi ya tabaka moja, haina kliya juu, yaani lile tabaka angavu la kulinda rangi. Pedi itageuka nyeusi, usishtuke, ni rangi yenyewe inakatwa. Hata nyeupe ya 040 mara nyingi iko hivyo. Na 202 ni laini mno: pedi ya sufu ikipita juu yake kwa rotari inaacha mawimbi yanayotembea na mwanga. Kivulini huyaoni, jua likipiga yote yanajitokeza. Nasisitiza DA.

KingoZaMlango: Tairi_Nne, soma hili kabla hujalipa. Kuna Premio lilitoka kwenye gereji moja limeungua sehemu tatu. Alama zilionyesha wazi kilichotokea: pedi ya sufu, spidi kubwa, mashine imeinamishwa ikakata kwa ukingo wa pedi.

Mlango ulikatwa mpaka praima (tabaka la chini ya rangi) kwenye ule mstari wa bodi. Rangi ikiwa mbichi huteleza kutoka kwenye kona, kwa hiyo hapo huwa nyembamba kuliko kwingine, na kliya ya kiwandani hata sehemu pana ni kama maikroni 40 hadi 50 tu. Pedi inatakiwa izunguke ikitoka kwenye ukingo kwenda nje. Hapo ilikuwa inaupiga ukingo kutoka nje.

Bampa nalo rangi ilijikunja. Plastiki haisambazi joto kama bati, joto lote linabaki juu. Na fenda lilikuwa na fila (dawa ya kujazia mabonde ya bodi) chini, geji ya kupima unene wa rangi ilisoma zaidi ya maikroni 1,000, rangi ya juu ikabanduka kipande. Kampaundi hairudishi rangi iliyokwisha kutoka. Ilibidi mlango, bampa na fenda vipigwe upya.

Dereva_Mwenge: Mimi nina grenda nyumbani, nikifunga pedi si itafanya kazi?

Sufu_na_Sponji: Hapana kabisa. Grenda ndogo inazunguka kama mara 11,000 kwa dakika. Pedi inaweza kupasuka na rangi itaungua kabla hujainua mkono. Kuipunguzia umeme kwa regyuleta ya feni nako hakusaidii, nguvu inapotea na pedi inakwama.

Zawadi_K: Naona hakuna aliyeuliza mikwaruzo imetoka wapi. Kitambaa kilichofuta ringi ndicho kinachopanda kwenye boneti, ndoo moja, maji yenye mchanga. Utapiga polishi leo, ukirudi car wash ile ile mwezi ujao umerudi pale pale, na unene wa rangi umeshapungua. Nunua ndoo mbili na taulo za maikrofaiba kabla ya mashine yoyote.

FundiKliya: Dada kasema kweli. Na baada ya polishi futa kwa spiriti iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, mafuta ya kampaundi huficha mikwaruzo.

Sufu_na_Sponji: Kwenye rangi laini hivyo, hata kule kufuta kunaweza kuchora. Shampuu inatosha.

FundiKliya: Shampuu haitoi mafuta yote. Nyunyiza nyingi, taulo safi, usikandamize.

Tairi_Nne: Naelekea kwenye DA. Ila bampa la mbele na boneti vilishapigwa rangi mtaani na sina geji. Sumaku iliyofungwa kitambaa itanionyesha?

KingoZaMlango: Kwenye boneti, kama ni ya chuma, itakuonyesha penye fila nene tu, mvuto unapungua. Unene wa rangi yenyewe haikuambii. Kwenye bampa sumaku haishiki kabisa. Ilipigwa lini? Bado unaisikia harufu ya thina?